Hukumu Imesomwa Bila Wewe, Bwana Mbegu

Mwaka mzima umepita, mume wangu, tangu ulipotutoka katika chumba hiki cha kupanga, mbali na shamba lako, kifua kimekulemea na hukumu bado haijasomwa.

Kijijini walikuita Bwana Mbegu. Aliyeishiwa mbegu msimu ukianza alijua mlango wa kubisha. Uliing'ata punje ya mahindi, ukasikiliza inavyolia, ndipo ukasema imekauka au bado. Mifuko yako haikukosa kunde wala mtama. Nilikuwa nakutania kwamba shati lako likinyeshewa litaota, nawe ulicheka mpaka ukashika mbavu.

Kisha vita vikatufikia. Askari wa kamanda yule uliyekuja kumtolea ushahidi waliwapiga risasi ng'ombe wa kulimia, wakamwaga dizeli kisimani, wakachoma ghala la mbegu za kijiji kizima. Siku ile hakufa mtu. Waliokufa walikufa baadaye, kwa njaa, mmoja mmoja, na kitindamimba wetu akiwamo.

Wachunguzi walipokuja kutafuta mashahidi, wengi waliingia mitini. Hata mimi niliogopa. Nilikuambia, "Baba watoto, tuyaache. Hao wana mkono mrefu."

Ukanijibu taratibu, "Tukiyaacha, mama watoto, watasema ulikuwa moto tu."

Ukaenda mahakamani. Wakili wa kamanda akakuuliza kama kweli umesafiri mbali kote huko kwa ajili ya mahindi. Ukasema, "Nimekuja kwa ajili ya mwanangu. Mahindi yale yangepandwa, angekuwa hai." Wakili akageukia mambo mengine.

Baada ya hapo majirani walitukwepa, kwa hofu, si kwa chuki. Tukahamia mjini, karibu na mahakama ile. Ulipanda kunde kwenye kopo dirishani, ukawa unazikagua kila asubuhi kabla hujanawa uso.

Mwezi uliopita hukumu ilisomwa. Nilikwenda peke yangu. Jaji alitamka kwamba kuchoma mbegu na kuharibu kisima ili watu wafe njaa ni uhalifu wa kivita, na kamanda akapelekwa gerezani. Alipita karibu yangu, hakunitazama. Watu walikuwa wanakumbatiana, ila sikumjua yeyote kati yao.

Nikarudi kwa miguu. Nilifungua mlango, na kabla hata sijavua viatu nikasema, "Baba watoto, wamemfunga."

Nilikaa kitandani, upande wako, mpaka giza likaingia.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo. Binti yako mshonaji, aliyeko kambini ng'ambo ya mpaka. Na mdogo wako, fundi baiskeli, ambaye mpaka leo hatujui alipo, lakini tunajua hajakusahau.

Hutatutoka moyoni maadamu tunapumua.