Barua Iliyolala kwa Brightson

Auleria, usinijibu kwenye anwani yangu ya kazini! Nakuandikia kwa kompyuta ya kaka Twalib, huku Keko.

Brightson ameisoma barua yangu. Ameisoma yote.

Si yule msimamizi wa kompyuta pale kituoni, anayenipapasaga mabega nikiwa nashughulika na takwimu zangu? Leo nikasema basi. Nikaiandikia kamati, maana sheria ya kutobughudhiana wameibandika wenyewe mlangoni.

Na mie mjinga nikaiandika palepale, kwenye kompyuta ya kazini! Nikasahau kwamba barua zetu zote zinalala kwenye mashine yake mpaka saa kumi, ndipo anaunganisha mtandao kwa laini ya simu na kuzituma kwa pamoja.

Saa tisa huyo, akavuta kiti mezani kwangu. Akanisomea maneno yangu mwenyewe, taratibu, kama anasoma gazeti: "'Ananishika bila ridhaa yangu.' Raudha, dada yangu, hii haijatoka. Na haitatoka."

Haitatoka, shoga. Anasema huku anatabasamu!

Nikabeba mkoba. Nafika mlangoni, akaniita: "Nisalimie Auleria. Mwambie pole na mambo ya mumewe."

Mie sijawahi kumtajia jina lako. Na hayo ya mumeo uliniandikia mie peke yangu.

Malalamiko nimeyaandika upya, kwa kalamu. Kesho saa mbili asubuhi nayapeleka kwa mkurugenzi kwa miguu yangu. Naogopa, sikufichi. Chini nimeshatia saini yangu, na pembeni yake nimekuachia nafasi utie yako ukiwahi kufika, maana na barua zako anazisoma.