Amplifaya ya Baba Yako

Al Twar, Dubai
Jumapili, 14 Septemba 2014

Mwanangu Shifaa binti Mubin,

Assalamu alaikum. Barua hii ikukute u mzima, wewe na mama yako Jokha, na yule paka wenu mwizi wa samaki kama bado yu hai. Mimi ami yako nipo, nakula, nalala, na joto la mwaka huu limenipunguza tumbo bure, kazi ambayo daktari angenitoza pesa.

Najua umenuna. Mama yako amenitumia ujumbe kwamba ulinipigia kuniuliza kama namridhia Wahid, kwa kuwa baba yako hayupo na walii wako ni mimi, nami nikakujibu habari za joto na kiyoyozi kibovu, nikacheka, nikakata. Na tangu siku hiyo simu zenu sizipokei. Anasema watu wa Wahid wameanza kuulizana kama wamekataliwa, na harusi ya Mfunguo Tatu imesimama kwa ajili yangu. Jibu lako limo humu ndani, lakini unanijua mwanangu, mimi siingii nyumba bila kuzunguka ua kwanza.

Nianze na amplifaya ya baba yako. Lile sanduku la chuma la kijivu, zito kama mahari ya binti wa sultani, ambalo marehemu alilinunua kituo cha redio kilipotupa mitambo yake ya zamani. Nilikuja nalo huku baada ya arubaini yake, nikakuahidi litarudi linasema, ili siku ya nikaha yako wanawake walioko nyumbani wasikie kila neno la msikitini kwa mashine ya Mubin mwenyewe. Mitambo ile ya miaka ya sabini, iliyoacha valvu ikaanza transista, mji huu mzima hakuna anayeiweza ila mimi. Si sifa, ni habari. Fundi mmoja wa Deira, vyeti ukuta mzima, aliniwekea simu kwenye spika yake inayovuma, nikamwambia kutoka huku huku: kapasita ya pili kushoto imevimba. Akafungua, imevimba! Akafunga duka kutwa kwa aibu. Na ndege zinazopita juu ya Al Twar nilikuwa nazijua kwa mlio. Moja nilisema injini yake ya kulia inataka mafuta, na wallahi ikarudi kutua kabla haijafika Sharjah.

Shahidi wangu ni Hakim, Mganda, mlinzi wa jengo la jirani. Akimaliza zamu huja kwenye kibanda changu nyuma ya villa, anywe chai yangu na kunikanusha. Kwa ile ndege alisema ilirudi kwa sababu rubani alitaka kushuka anishukuru.

Sasa, kazi hii haitaki pupa. Kitu kilicholala miaka ishirini ukikipa umeme wote kwa mpigo, kinakufia mkononi. Unaupitisha umeme kwenye balbu kwanza. Balbu ikiwaka ikabaki kali, ndani pana ugonjwa. Ikiwaka kisha ikafifia, mashine imekubali kuamka. Nilibadilisha kapasita zote, nikalehemu upya kila kiungo kilicholegea, na siku balbu ilipofifia nililia, nikasingizia moshi wa risasi ya kulehemu. Nikapima kwa mita, sawa. Nikaunga spika na maikrofoni: kimya kitamu, hakuna mvumo, hakuna mkwaruzo. Nikamwita Hakim aje asikie kazi ya mwanamume.

Hakim alifika mlangoni akaziba masikio kwa mikono miwili. Nikacheka, nikidhani ni mzaha wake. Akaingia, akachomoa waya ukutani yeye mwenyewe, akanishika mabega mpaka nikamtazama mdomo. "Mzee, hiyo kitu inapiga yowe kama mbuzi ya Idi! Wewe husikii?"

Sikuwa nasikia, Shifaa.

Tangu mwezi wa tano nilikuwa nawaambia watu kelele za ndege zimepungua. Uwanja wa ndege ulikuwa unakarabati njia za kurukia, safari zikapunguzwa, nikasema alhamdulillahi, tutapumzika. Ukarabati ukaisha kabla ya Idi, mimi bado nangoja ndege zirudi. Kumbe zilikuwa zinapita juu ya kichwa changu. Chai inatikisika kikombeni, naitazama, najiambia ni lori.

Daktari ameniandikia kwenye karatasi, maana kuniambia hakufai tena. Mishipa ya masikio inakufa. La kulia limekwisha, la kushoto linakwenda. Siku uliyonipigia niliona jina lako likiwaka, nikaweka simu sikioni, nikasikia kitu kama mchanga unaomiminwa. Nikajaza maneno ili usipate nafasi ya kuuliza neno, sikujua umeshauliza. Sikumkataa Wahid. Namridhia, na ninaandika kwa mkono wangu. Sauti yako ya mwisho ninayoikumbuka ni ya kabla ya Ramadhani, unaniambia nipunguze pilipili, nami nikakukatiza nikusimulie ya ndege. Laiti ningekuacha ukaendelea.

Amplifaya tumeitibu wawili. Hakim alikaa mbele ya spika, mimi nimeinama ndani nikigusa waya mmoja mmoja kwa kijiti. Mkono wake juu, inapiga yowe. Mkono chini, imenyamaza. Ulikuwa waya wa kuingizia sauti, niliulaza karibu mno na wa kutolea, kosa la mwanafunzi. Mkono uliposhuka ukakaa, alisema ni safi. Nikamwamini. Maisha yangu yote sijapata kumwamini mtu juu ya sauti.

Nilitaka nimpe kadhi uwakala, mimi nibaki huku. Niliogopa kusema "nimekuozesha" kisha nikae natabasamu mbele za watu, nangoja jibu ambalo bwana harusi kashalitoa. Lakini Hakim alinishika kiganja akakiweka juu ya spika, akaenda kwenye maikrofoni akasema "nimekubali". Inagonga mara tano, mwanangu, na pigo la nne ndilo zito. Tumerudia mpaka akachoka, anasema sasa ameoa kuliko sultani.

Basi nakuja, na sanduku nakuja nalo. Waambie waniwekee spika ndogo kando ya goti, waifunike kitambaa. Wakiuliza, sema fundi hawezi kukaa mbali na mitambo yake. Uongo mwingine niachieni mimi mwenyewe. Wahid asiharakishe. Nikiinua kiganja, mjue neno lake limenifikia.

Mama yako msomee yote, usimfiche. Msalimie, na Wahid umpe mkono wangu. Hakim anakusalimu pia. Usinipigie simu tena, mwanangu. Niandikie, hata mistari miwili, nami nitakuwa naisoma kwa sauti yako ninavyoikumbuka.

Naishia hapa. Chai inatikisika mezani, ndege inapita.

Ami yako,
Nassor