Mnunuzi Aliyekuja Kusoma Mita

Jumanne, tarehe 4 Juni. Alasiri, baada ya asubuhi ya manyunyu.

Wanangu, nimewahi darasa la jioni. Anayekuja kuona nyumba asivuke sebule kabla hajaonyesha kitambulisho na barua ya benki. ~~Hata yule wa leo.~~ Yule wa leo mpeni kiti, ila bei mniachie mimi.

Alipobisha hodi asubuhi, nilimhoji kama hakimu: kazi, familia, atalipaje. Akajibu yote kwa adabu, kisha akasema amekuja kusoma mita ya maji.

"Sasa mbona ulikuwa unajibu, baba?"

"Nilidhani ndio utaratibu mpya, mama. Kumbe nyumba inauzwa?"

Akauliza jua la asubuhi linaingia chumba gani. Ee Mungu, ndiye huyu mnunuzi niliyemwomba kwako?

Mama yenu

Nilisahau: langoni, majirani wakisikia, alisema, "Leo jioni narudi na mke wangu, na barua ya benki mkononi."