Madebe Manne na Mgongo wa Karisa

Magarini, Alhamisi

Kaka yangu Salim,

Shikamoo. Je, kifua cha Mama kimetulia huko Lamu? Mimi ni mzima, ila mkono wa kushoto umevunjika. Nakueleza kwa mpango, kama nilivyoandika katika daftari langu la siku.

Jumatatu, Bwana wa shamba hili la mpira alifungua mashine ya kuoshea vyombo kutoka Ulaya: pipa lenye mpini wa chuma wa kuzungusha. Karatasi yake ilisema madebe mawili ya maji yatosha. Kisima chetu kimekauka, maji huletwa na punda kutoka mto Sabaki, basi akaniamuru mimi, karani wake, niyapime. Karisa, mwosha vyombo, mtu wa Ganze, akazipaka sahani majivu kama siku zote, akazipanga ndani. Majivu yakagandamana na mafuta. Tukamwaga maji, tukatia mengine. Madebe manne.

"Bwana Karani," Karisa akacheka, "hii ina kiu kuliko punda! Mimi kwa mikono yangu debe moja lanitosha, na maji ya mwisho wanakunywa kuku."

Niliandika manne, nisitaje majivu.

Jumanne Bwana akasoma. "Mawili yameibwa!" Akamfunga Karisa kwenye nguzo ya jiko, akamchapa kiboko. Ngozi ikapasuka, damu ikamchirizika hadi visiginoni. Nami nimesimama na daftari kwapani, Kaka, nahesabu! Kiboko cha kumi na mbili ndipo nilipopiga kelele: "Ni majivu, Bwana! Hakuiba!"

Bwana akachomoa mpini wa mashine, akanivunja mkono. Kamba ya Karisa ilikuwa imelegea kwa kupapatika kwake. Akajichopoa, akamnyang'anya Bwana chuma kile, akampiga nacho usoni hata meno yakamwagika. Kisha akakitupa, akakimbilia mwituni.

Jana niliurudisha mpini, nikajaribu mashine kwa mkono mmoja, bila majivu. Madebe mawili kamili.

Askari wanamsaka Karisa. Kesho natakiwa kuapa mbele ya hakimu Malindi kwamba aliiba. Daftari Bwana amelitaka jioni hii, nami nitampa, ila kurasa za siku hizo tatu zimo ndani ya barua hii. Kesho nitasema kweli. Nisiporudi, zilete mwenyewe, uzisome mbele ya hakimu.

Mama mwambie niliteleza tu. Shangazi Mwanaisha aliyetulea, na mjomba Bakari seremala, wape mkono wangu, huu mzima.

Neno "majivu" katika ukurasa wa Jumatatu nimelitia leo. Wino wake ni mpya. Hakimu akiuliza, usimfiche.

Mdogo wako,
Athumani