Dawa Iliyomtangulia Daktari

Nyumba ya kona, nyuma ya shule
Jumanne asubuhi

Mpendwa mpwa wangu,

Kosa la watu wengi wakipokea barua yenye hofu ni kukimbilia kushauri kabla ya kujulia hali. Basi hujambo, mwanangu? Usingizi unakuja? Unakula, au ni chai tu hapo mezani kwako ofisini? Sisi tu wazima. Goti langu linalalamika kwenye ngazi, lakini bado linanifikisha.

Nimesoma barua pepe yako mara mbili, na nakujibu kwa njia hiyo hiyo kwa kuwa uzinduzi wenyewe ni kesho.

Ngoja nilieleze jambo kwa maneno yangu, nione kama nimelielewa. Mmeifundisha programu kwa mafaili ya wagonjwa wa zamani, ili pale mapokezi ya hospitali zenu iseme nani amwone daktari kwanza. Mlipoijaribu ilipatia karibu kila mara, mkurugenzi akafurahi hadi akaita waandishi wa habari. Juzi ukagundua kuwa katika mafaili hayo mliacha safu ya dawa. Lakini dawa huandikwa baada ya daktari kumwona mgonjwa! Kumbe programu haikuwa ikitambua ugonjwa. Ilikuwa inachungulia uamuzi wa daktari, kama mwanafunzi aliyepewa mtihani wenye majibu nyuma ya karatasi. Kesho mgonjwa atafika mapokezi bila dawa yoyote kwenye faili lake, nayo itamhesabu mzima. Mwenye moyo unaosimama atapangwa nyuma ya mwenye mafua.

Msaidizi wako, huyo mnayemwita Tai Nyekundu, anasema, "Bosi, tuzindue kwanza, tutarekebisha mbele ya safari." Mkaza mjomba wako aliposikia hayo aliweka kijiko chini. "Apangwe yeye kwenye foleni hiyo na kifua kimembana," alisema, "tuone hiyo safari yake itaishia wapi!"

Najua kinachokuziba mdomo. Ulifundisha hesabu sekondari mchana, jioni ukajifunza kuandika programu kwenye kompyuta ya kuazima. Ukarudi chuo ukiwa mjamzito, ukamaliza shahada ya pili, ukaanza kama mchambuzi wa kawaida, na leo unaongoza kitengo kizima cha data. Wapo walionung'unika kwamba kiti hicho si cha mwalimu. Unaogopa watasema, "Si tulisema?" Huenda wakasema. Huenda hata wakakuondoa; sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ila tenganisha mambo mawili. Kuisahau safu ile ni kosa la kazi, na umelikamata mwenyewe. Kuizindua programu huku unajua ni jambo jingine kabisa, na hakuna marekebisho yatakayomfaa mtu aliyefia kwenye benchi la mapokezi.

Usimweleze mkurugenzi kwa asilimia na michoro, atapata pa kujifichia. Mwambie, "Programu imekuwa ikisoma majibu. Isitumike kesho." Wala usimtaje Tai Nyekundu. Kitengo ni chako.

Mama yako sijamwambia kitu. Presha ya dada yangu huyo unaijua. Nisalimie mkwe wangu, na uwabusu pacha. Mungu autulize moyo wako, aunyooshe ulimi wako.

Mimi usinijibu leo. Mpigie mkurugenzi simu sasa hivi.

Akupendaye, uwe na cheo au usiwe nacho,
Mjomba wako