Maji ya Saa Tisa u Nusu

Jumatatu, 17 Mei 1948

Mvua tena, tangu alfajiri. Nimempelekea Khamisi, mpanga herufi wetu, safu ya maji kama kila Jumatatu kwa miaka kumi na tisa. Siku saba, saa za kujaa, saa za kupwa. Akasema nikifa ataichapa safu hii juu ya kaburi langu badala ya jina. Nikamwambia apange herufi.

Saa hizo nazihesabu mwenyewe, kwa tarehe za mwezi, kama alivyonifundisha babu yangu aliyekuwa rubani wa bandari. Mwezi kumi na nne maji hujaa saa kumi na robo alasiri. Kila siku ya nyuma yake, toa dakika hamsini. Ofisi ya bandari ina kitabu chake kilichopigwa chapa Ulaya. Gazeti halijawahi kukiomba. Mimi ndiye ninayekataa kiombwe.

Leo mwezi saba Rajabu.

Mchana Mbaraki, kutazama matayarisho. Mashindano ya kuogelea ya nchi tano, wanaume Ijumaa na Jumamosi, wanawake vilevile. Wameyafunga matishari mawili ya mizigo kando ya gati, yadi mia kutoka moja hadi la pili. Mwogeleaji anaanzia tishari la upande wa bahari kuu na kumalizia lile la ndani. Mwendo mmoja, hakuna kugeuka. Mistari sita ya kamba na maboya. Wa kwanza umegusana na gati, wa sita uko nje kwenye mkondo.

Jumanne, 18 Mei

Ganjoni, nyumbani kwa Filomena. Miaka ishirini na moja, Mgoa, mpiga taipu katika ofisi ya forodha. Yadi mia mtindo huru. Alijifunza kuogelea kwenye ngazi za Mbaraki, akishika kamba za mashua za watu. Kamati ilimkubali baada ya barua za mwaka mzima na baada ya msichana mmoja wa Kizungu kuteguka bega. Nitaliandika la kwanza. La pili Mhariri atalifuta.

Mshindi atapelekwa Ulaya miezi sita, kwa gharama za kamati, kufundishwa. Filomena asiposhinda, Jumamosi ya wiki ijayo atapanda meli ya Bombay na wazazi wake. Baba amestaafu reli. Goa kuna mchumba tayari, mtu wa duka la vitambaa. Filomena amemwona kwenye picha.

Mama yake, Bi Rosa, alinikaribisha chai na keki ya nazi. Akasema, "Mwandishi, usimtie kichwa kikubwa. Masanduku nimekwisha kuyafunga."

Filomena akasema, "Langu bado, mama."

Jumatano, 19 Mei

Mvua. Mahakamani asubuhi, wizi wa magunia Shimanzi. Mistari kumi. Mguu wauma.

Alhamisi, 20 Mei

Timu zote zimefika. Hatari ya Filomena ni mtu mmoja tu: msichana mrefu kutoka kusini. Ana mwalimu wake, mwanamume mwekundu shingoni, hatembei bila mkoba wa karatasi.

Jioni mawingu yalipasuka kidogo. Mke wangu alikuwa juu ya dari akianua nguo. Akaniita. "Baba Zuhura, huu ndio mwezi kumi? Mbona umenenepa hivi?" Nikamwambia mawingu huukuza. Akasema labda umekula wali wa harusi. Nilipopanda ulikuwa umekwisha kufunikwa.

Ijumaa, 21 Mei

Mchujo wa wanawake, saa tatu na robo asubuhi. Sisi tusio Wazungu tumewekewa kamba mwisho wa gati, mbali na matishari yote mawili. Naona vizuri. Sisikii kitu.

Filomena wa kwanza katika kundi lake. Sekunde sitini na sita na nusu. Yule wa kusini sitini na saba. Hakuna aliyekaribia.

Maji yalisimama kimya wakati wote. Kwa hesabu yangu yalipaswa kuwa yakijaa kwa nguvu. Nadhani matishari yanayakinga.

Mwenye muda bora huchagua mstari kwanza, wa pili hufuata. Wapeleke chaguo lao kesho saa nne. Filomena alinikuta ofisini baada ya sala ya Ijumaa, nywele bado mbichi, faili la forodha kwapani.

"Mzee, fainali ni saa tisa u nusu. Maji yatakuwaje?"

Swali zuri. Maji yakijaa, mkondo waingia kutoka baharini, na mtu wa mstari wa sita anasukumwa mgongoni. Yakipwa, mtu huyohuyo anapigwa usoni na wa mstari wa kwanza yu salama kando ya gati. Hapo hapo ndipo mbio zenyewe.

Kesho mwezi kumi na mbili. Maji kujaa saa nane u nusu, kidogo zaidi. Saa tisa u nusu yatakuwa yanapwa karibu saa nzima. Nikamwambia achukue mstari wa kwanza.

"Una hakika?"

Nikamwonyesha safu iliyochapwa. Khamisi akapaza sauti kutoka chumba cha herufi: "Dada, mzee huyu akisema bahari imekauka, vua viatu uvuke." Filomena akacheka, akashukuru, akaenda zake.

Jumamosi, 22 Mei

Naandika kwa utaratibu wa mambo yalivyotokea.

Saa sita: mistari yabandikwa ubaoni. Filomena wa kwanza. Msichana wa kusini wa sita. Nilishangaa. Nilimwona mwalimu wake asubuhi akiufunga mkoba wake baada ya kusoma karatasi zake. Nikamhesabu mjinga.

Saa tisa na dakika kumi: nipo nyuma ya kamba. Mvua imekwisha, jua kali. Mbele yangu mashua tatu zimetia nanga. Omo zote, pua za mbele, zimeelekea baharini.

Nikazitazama tena. Mashua iliyotia nanga huelekeza omo kule mkondo unakotoka. Zilielekea baharini. Maji yalikuwa yanaingia. Nikatazama nguzo ya gati. Alama ya unyevu ilikuwa chini ya maji, si juu yake. Yalikuwa yanajaa, na kwa nguvu.

Ndipo nikaikumbuka miezi. Mfunguo nane, miezi miwili kabla ya Rajabu, haukuonekana mwandamo wake kwa mawingu, tukakamilisha thelathini. Mfunguo tisa hivyo hivyo. Rajabu pia tuliupokea kwa kukamilisha. Kwa ibada hesabu hiyo ni sawa. Bahari haingoji mtu auone mwezi. Mara mbili kati ya hizo tatu mwezi ulikuwa umekwisha kuandama siku ya ishirini na tisa. Hesabu yangu iko nyuma ya mbingu kwa siku mbili. Leo si kumi na mbili. Ni kumi na nne. Maji kujaa saa kumi na robo.

Saa tisa na dakika kumi na tano: nikamwendea askari wa kamba. Nikasema nina ujumbe kwa mwogeleaji. Akasema wenye ujumbe hupitia kwa kamati. Nikauliza kamati iko wapi. Akaelekeza ng'ambo ya kamba. Nikamwonyesha kitambulisho cha gazeti. Akakisoma pande zote mbili, akanirudishia. "Mzee, hata ungekuwa na nini. Rudi nyuma kidogo, tafadhali."

Ningefika, ningesema nini? Mistari ilikwisha kubandikwa. Haibadilishwi.

Saa tisa na ishirini na tano: wametoka. Filomena kofia nyeupe. Alitazama upande wetu, akaniona, akainua kidole kimoja. Mstari wa kwanza. Alikuwa anatabasamu. Nikainua mkono. Sijui kwa nini niliuinua.

Saa tisa u nusu: bastola.

Alianza vizuri kuliko wote. Yadi arobaini alikuwa mbele kwa urefu wa mwili. Yadi sitini bado mbele. Kule nje yule wa sita hakuongeza kasi ya mikono, niliihesabu. Mikono ileile, mwendo ukazidi. Alibebwa. Kando ya gati maji yalikuwa yamelala tu. Yadi themanini walikuwa sawa. Filomena akazidisha mikono, nikaona pumzi zimemwishia, anainua kichwa mno. Watu waliokuwa karibu nami walipiga kelele za jina lake. Mimi nilikuwa na saa mkononi.

Ameshindwa kwa urefu wa mkono mmoja. Sitini na sita na nusu, muda uleule wa jana. Hakufanya kosa lolote.

Alinikuta nje ya lango, taulo mabegani.

"Yalikuwa yanajaa," akasema.

"Ndiyo. Nilikosea siku mbili."

Akajifuta uso kwa taulo. Kisha: "Nilidhani ni mimi nimechoka." Akasema afadhali kujua. Akaniuliza mguu wangu unaendeleaje.

Magharibi jua lilipokuwa likizama nilipanda darini. Mwezi ulikuwa unatoka upande wa pili, mzima, mwekundu, bila wingu.

Jumapili, 23 Mei

Sikutoka.

Jumatatu, 24 Mei

Niliandika habari ya fainali mistari ishirini. Mstari wa kumi na tano: kwamba safu ya maji ya gazeti hili ilikuwa na makosa, na kwamba mwogeleaji wa Mombasa alichagua mstari wake kwa kuitegemea. Mhariri akaukata. Akasema msomaji hataki habari za mwezi, na kwamba gazeti haliwezi kuwa na hatia ya bahari. Nikamwambia hatia ni yangu. Akasema basi nikamwambie msichana, si watu elfu mbili.

Nimekwisha kumwambia. Haikusaidia kitu.

Kamati nimeiandikia barua. Wamejibu siku hiyohiyo, kwa heshima: mstari ulichaguliwa na mshindani mwenyewe, kwa hiari.

Kweli.

Nimeenda ofisi ya bandari kuomba kile kitabu. Karani alinipa bila maswali. Ijumaa na Jumamosi zimeandikwa humo, kwa dakika. Kilikuwepo siku zote, ngazi mbili kutoka barabarani. Khamisi alipoona safu mpya hakufanya mzaha. Hilo ndilo lililoniuma zaidi leo.

Jumatano, 26 Mei

Bi Rosa amemtuma mtu na karatasi. Meli inaondoka Jumamosi asubuhi maji yakijaa. Wakala wao hajawapa saa kamili. Je, mwandishi aweza kuwajulisha, ili wasichelewe na masanduku? Mwandiko wa kuchapa. Ni Filomena aliyeupiga.

Nilikaa na karatasi hiyo muda mrefu. Kitabu cha bandari kilikuwa mezani. Ningeweza kukifungua na kumaliza.

Alhamisi, 27 Mei

Nimeteremka bandari ya kale na upondo, mti mrefu wa kusukumia mashua, wenye misumari kila inchi tatu. Nimeusimamisha kwenye ngazi. Nimekaa juu ya jiwe tangu saa moja hadi adhuhuri, nikiandika kila robo saa. Wachukuzi waliuliza kama nimeajiriwa na samaki.

Ijumaa, 28 Mei

Tena, asubuhi nzima. Maji yanachelewa siku hadi siku, na sasa ni ya uvivu, hayapandi sana. Nimemwandikia Bi Rosa: kesho, saa nne na dakika tano asubuhi. Wawe bandarini saa mbili. Kisha ndipo nilipofungua kitabu. Tofauti dakika mbili.

Jumamosi, 29 Mei

Walifika saa mbili kamili. Masanduku saba. Bi Rosa alinishukuru kwa saa. Baba alinipa mkono. Filomena alivaa gauni la buluu na kofia, na viatu vilivyomkaza. Akasema Goa wana mto karibu na nyumba ya mchumba. Akauliza kama mito nayo hufuata mwezi. Nikasema karibu na bahari, ndiyo. Akasema atatazama mwenyewe.

Meli ilifungua kamba saa nne na dakika nne. Maji yalikuwa yamesimama.

Nimerudi ofisini. Nimeandika: abiria, shehena, saa. Mistari minne.