Siku Niliyokalia Trela ya Pampu

Doha, Jumanne, mwezi wa Novemba. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa imekatika. Mimi nimenuna.

Nimekaa ukingoni mwa kitanda, miguu ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi. Gambuti zangu ziko nje kwenye korido kwa amri ya wenzangu wa chumba, wamesema harufu ile hailali humu ndani. Wana haki yao. Naandika hasira ikiwa bado moto, maana nikingoja ipoe nitaanza kujipunguzia maneno.

Kesho asubuhi natakiwa niombe msamaha mbele ya zamu nzima. Nisipoomba, sina kazi. Na hapa kazi ikiisha, kibali cha kuishi nacho kinaisha, kwa hiyo tunazungumzia mimi na begi langu, safari ya Tanga.

Kwa aliyeingia leo kwenye blogu hii: naitwa Zuhura, ni supavaiza wa zamu katika kampuni yenye kandarasi ya barabara na maji taka. Nilikuja Doha kutandika vitanda hotelini. Kiarabu changu cha kuungaunga na leseni ya udereva vikanivusha hadi huku. Sasa nasimamia wafagiaji, malori ya kunyonya chemba, pampu za mvua, na matingatinga ya kuzoa mchanga upepo ukishalimwaga jangwa barabarani. Shangazi yangu huwatangazia watu kwamba niko ofisi kubwa. Mama nimemwambia ukweli: mama, mwanao anasimamia mavi ya watu. Alicheka mpaka akaangusha simu.

Kitabu chetu cha taratibu za kazi kimenakiliwa kutoka nchi ya baridi. Kina sura nzima ya kuondoa theluji. Kuna mtu aliipitia akifuta theluji na kuandika mchanga, akachoka katikati, kwa hiyo hadi leo tunaagizwa kumwaga chumvi barabarani usiku wa barafu. Tunakicheka sana. Lakini mvua haina hata ukurasa mmoja mle ndani. Mvua hapa huja mara chache kwa mwaka, na kila ikija mji mzima unashangaa upya.

Leo ilikuja kwa fujo. Mji wenyewe ni tambarare kama sinia, na mitaro imeshiba mchanga. Kufika saa tatu asubuhi nilikuwa mtaa wa Najma, kwenye uchochoro nyuma ya maduka, maji yamefika magotini. Vyumba vya chini vya jengo la pale vilikuwa vimeingiliwa. Watu wametoa magodoro, wamebeba watoto mabegani, na hayo maji hayakuwa ya mvua peke yake. Sitaeleza zaidi, kuna wanaosoma huku wanakula.

Nikampigia foremani wangu, Otieno, Mkenya, alete pampu kubwa. Akaileta, ikafungwa, ikaanza kuvuta. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa sawa.

Katikati ya uchochoro palikuwa na ndoo nyekundu, imefunikwa kifudifudi. Kila mtu wa Najma anaijua lugha hiyo. Mvua ikizidi, wenye maduka hufunua chemba ili maji yapate pa kwenda, halafu huweka kitu juu ya shimo watu walione. Tumewakataza mara ngapi. Kwanza mchanga wote unaingia kwenye bomba la maji taka na kesho yake kila choo kinarudisha. Pili, shimo lile lina kina cha kummeza mtu mzima na kofia yake. Lakini maji yakiwa sebuleni kwako husikilizi mafundisho. Ningekuwa mimi, huenda ningefunua vilevile.

Basi tukaizungushia ndoo koni zetu, na watu wakawa wanaipita kwa mbali, wamebana upande wa pili, kando ya ngazi za jengo.

Kisha gari moja likapita barabara kuu, likasukuma wimbi, na ndoo ikasogea.

Nikachukua mti wa ufagio, nikaingia, nikachokoa chini ya ndoo. Sakafu ngumu. Hapakuwa na shimo lolote pale. Ndoo ilikuwa inaelea, na haikujulikana imeelea kutoka wapi. Asubuhi nzima tulikuwa tumewaelekeza watu waikwepe ndoo, na shimo lenyewe liko kokote.

Aliyeiweka alitoka mwenyewe jikoni. Bakari, Mzanzibari, mpishi wa kihoteli cha pale pembeni, kanipikia maharage ya nazi mara nyingi. Alikuwa na aproni, uso umempauka.

"Dada Zuhura, ndoo yangu ile. Niliiweka mwenyewe, nikarudi kuokoa unga."

"Uliweka jiwe juu yake?"

Nikamuuliza chemba iko wapi. Akanyoosha kidole hapa, akakisogeza pale, halafu akakishusha. Maji yote yalikuwa rangi moja, na yeye alifunua alfajiri gizani. Nilimpa maneno yake, siyaandiki.

Tukafunga kamba kila upande wa uchochoro. Lakini kamba gani itamzuia mtu ambaye godoro lake na mwanawe viko ndani? Walikuwa wanaiinua na kupita. Dawa ilikuwa moja tu, kuvuta maji mpaka shimo lionekane, na kabla ya mabasi ya shule kushusha watoto pale kwenye kona. Watoto wa lile jengo ni wengi, na mtoto akiona maji hatembei, anaruka.

Ndipo mudiri akapiga simu. Mudiri ndiye meneja wetu, na huwa tunasemezana Kiingereza cha ofisini. Alisema pampu itolewe Najma sasa hivi, ipelekwe West Bay, kuna mnara maegesho yake ya chini yanajaa, magari ya watu wakubwa yako ndani, na mteja anapiga kelele. Nikamweleza habari ya chemba. Akasema weka koni, funga njia, ondoka. Nikamwambia koni zinaelea. Akasema hiyo ni amri.

Nikamwambia pampu haitoki hapa mpaka nilione shimo.

Akauliza kama najua nazungumza na nani. Najua. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka na nilijua anaisikia inavyotetemeka, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mimi nikiogopa, sauti hunisaliti kabla sijafungua mdomo vizuri.

Akakata. Muda si muda Otieno akanijia, simu mkononi. "Madam, ametuma pikapu ikuje ivute pampu. Mimi nifanye?"

"Endelea kuvuta maji," nikamwambia.

Pikapu ikafika kweli. Dereva kijana wa watu, hana kosa, katumwa. Akarudi nyuma hadi kwenye trela ya pampu, akashuka aiunge. Sasa mimi sina nguvu za kugombana na dereva, wala sina cheo cha kumfukuza. Nikaenda nikakaa. Nikaukalia mkono wa trela, pale pale pa kuungia, na reflekta yangu na gambuti zangu, nikakunja mikono.

Wallahi nilijiona kituko. Mtu mzima, supavaiza, nimekalia chuma kama mwari. Dereva akaniangalia, akamwangalia Otieno, akarudi kukaa ndani ya pikapu na kuwasha redio. Wale wanawake waliokuwa wanatoa magodoro wakaanza kucheka. Mmoja akaniletea chai. Nikainywa palepale, na simu ikilia mfukoni, jina la mudiri, tena na tena.

Sikuipokea.

Basi la kwanza lilipofika kwenye kona, maji yalikuwa yameshuka hadi kwenye vifundo. Bakari alikuwa amesimama mbele ya mlango wa basi, mikono ameitanua, anawazuia watoto wasishuke, na mwenye basi anamfokea. Ndipo Otieno akaniita. Hakupaza sauti.

Shimo lilikuwa chini ya ngazi za jengo. Chini kabisa, pale mguu unapotua ukitoka kwenye kidato cha mwisho. Upande ule ule tuliowaelekeza watu wapite kuikwepa ndoo. Maji yalikuwa yakizunguka na kuingia humo taratibu, na watu wote tuliokuwapo tukawa tunatazama tu. Nadhani kila mmoja alikuwa anahesabu kimoyomoyo ni mara ngapi amepita pale tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nahesabu.

Otieno na mwenzake wakarudisha mfuniko. Bakari akakaa chini kwenye tope na aproni yake, akalia. Nikamwacha alie. Nilikuwa bado nina hasira naye, lakini nilikaa karibu yake mpaka akamaliza.

Halafu pampu ikaenda West Bay. Ilichelewa, sikatai. Magari yameloa, mengine injini zimekufa, na mteja amekasirika kwelikweli. Mudiri aliniita ofisini alasiri, hakunikaribisha kiti. Nikamweleza shimo lilikokuwa. Akasema hakuna aliyeingia, kwa hiyo hakuna tukio. Magari ndiyo tukio. Nikarudia, labda hakunisikia. Akasema amenisikia vizuri.

Ndipo akatoa masharti yake. Kesho, kwenye mkutano wa asubuhi kabla watu hawajapanda magari, nisimame mbele ya zamu nzima niseme nilikosea kukaidi amri. Maneno machache tu, akasema, na yamekwisha. Akanishauri kwa upole, kama baba. Upole ule ulinichoma kuliko kufokewa.

Nimeyajaribu maneno hayo hapa chumbani. Sitawadanganya, nimeyajaribu kwa sauti, mlango umefungwa. Yanasemeka. Ni mepesi, ulimi haukwami. Ningeyasema, ningebaki na kazi yangu, mama angeendelea kucheka kwenye simu.

Ila nimewafikiria watakaokuwa wamesimama mbele yangu. Wakenya, Waganda, Wanepali, watu wangu wa Bara na wa Visiwani. Wote wamesikia habari ya leo, habari hizi hazilali. Nikisema nilikosea, watajifunza kwangu kwamba lile lilikuwa kosa. Mvua ijayo mmoja wao atakuwa kwenye uchochoro kama ule, simu italia, na ataiondoa pampu. Ataiondoa huku akimkumbuka Zuhura aliyeomba msamaha.

Nilipofika hapo kwenye kuandika, simu ikalia. Nilidhani ni yeye. Alikuwa Otieno.

Alizunguka sana kabla hajasema. Kama nimekula, kama nimepumzika, kama miguu inauma. Mwishowe akasema mudiri amemwita na yeye. Amemwambia ajiandae. Nikikataa kesho, kiti changu ni chake.

"Madam, sikutaka uskie kwa watu," akasema. "Niko na familia, unajua. Lakini ukisema nikatae, nitakataa."

Wivu ulinishika, sifichi. Miaka yote nimemfundisha mimi kazi hii.

"Kichukue," nikamwambia. "Usikatae. Ila nataka unijibu kitu kimoja. Ikinyesha kama leo, chemba iko wazi ndani ya maji hamjui iliko, na mudiri anataka pampu West Bay. Utafanya nini?"

Nilisikia televisheni ya watu nyuma yake.

"Nitaikalia, madam," akasema.

Maji ya beseni yamepoa. Nimeshapiga pasi shati la kesho, na nitasimama mbele yao na sauti yangu hii hii inayotetemeka, niseme kwamba pampu ilikaa mahali pake. Halafu mudiri anifukuze tu.